Tumehamia zizi la mawe kaya nane: chumvi ukutani, jiko moja na ugomvi wa milango (uzi mrefu)

Kitasa (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Miaka sita iliyopita kaya nane tulichanga tukanunua shamba lililotelekezwa. Kulikuwa na nyumba kubwa ya mwenye shamba, zizi refu la mawe lililokuwa la ng'ombe wa maziwa, na ghala la nafaka la ghorofa mbili. Majengo yote matatu yamezunguka uwanja mmoja. Leo tupo watu wazima kumi na wanne na watoto sita. Kila kaya ina vyumba vyake na choo chake. Jiko kubwa, mahali pa kufulia, karakana na ukumbi ni vya wote.

Sikuja kuuza wazo. Nimekuja kusema tulipoteleza, maana kila nikipita humu nakuta mtu ameweka picha ya ghala bovu na maneno "hapa tungeishi marafiki wote". Sawa, mngeishi. Ila jengo nalo lina la kusema, na sisi hatukuliuliza.

Nianze na chumba namba 11, mwisho kabisa wa zizi. Tulipolikuta, ukuta wake ulikuwa mawe matupu na chokaa inayopukutika. Mkandarasi tuliyempa kazi (simtaji) akasema dawa ya ukuta unaonyonya maji ni saruji: piga lipu nzito, paka rangi ya plastiki, mchezo umekwisha. Tukakubali haraka sana. Mwaka wa kwanza ukuta ulikuwa laini kama sahani. Mwaka wa pili, nyuma ya kichwa cha kitanda, rangi ikaanza kuota malengelenge. Ukibonyeza lengelenge kwa kidole linapasuka, na ndani unakuta unga mweupe, mwepesi, wenye nywelenywele kama ukungu wa mkate. Mwenzetu mmoja aliulamba (msiige). Akasema ni chumvi, lakini chumvi inayopoza ulimi.

Ilikuwa chumvi kweli. Ng'ombe walisimama pale miongo na miongo. Mkojo na samadi viliingia sakafuni na kwenye mawe, bakteria wakavigeuza kuwa naitreti (aina ya chumvi). Karne ya 16 na ya 17 huko England kulikuwa na watu wenye kibali cha serikali kuingia kwenye mazizi na vibanda vya njiwa kuchimba udongo wenye chumvi hiyo, kwa sababu ndiyo kiungo kikuu cha baruti. Sisi tukaweka kitanda.

Na chumvi hii haijali paa zima wala bomba lisilovuja. Inavuta unyevu kutoka hewani. Siku ya mvua ukuta unatoka jasho, siku ya jua chumvi inakauka na kuwa fuwele, fuwele zinatanuka, lipu inabanduka. Saruji tuliyopiga ilikuwa imeufunga mlango ambao ukuta ulikuwa unapumulia.

Kosa la pili ni la ramani. Jiko la wote tuliliacha kwenye nyumba kubwa, lilikokuwa tangu zamani. Vizuri. Lakini zizi na ghala vina milango ya nyuma, na magari tuliyaegesha huko nyuma. Mtu akirudi kazini anashuka, anaingia kwa mlango wa nyuma, basi. Uwanja haukanyagwi. Ilipita miezi mitatu sijaongea na jirani wa chumba cha 6 zaidi ya kupungiana mkono, na tunaishi chini ya paa moja! Jiko la wote likawa na harufu ya jiko lisilopikiwa. Mwishowe tukahamishia maegesho mbele na kupiga marufuku kuingilia nyuma. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na haujaisha vizuri.

Nakaribisha maswali. Matusi pia, lakini yawe na hoja.

Jirani Mwema

Nimeshika nafasi ya mbele. Wajuzi waje.

Fundi Mwiko

Mkuu Kitasa, pole, ila ulichokiona nimekiona mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani. Watu wanadhani chokaa ni saruji ya maskini. Sivyo. Ni vitu viwili vyenye tabia mbili tofauti.

Chokaa ni mawe yaliyochomwa kwa joto la kama nyuzi 900, yakatoa kaboni dioksidi yake. Ukiyazima kwa maji na kuyapiga ukutani, yanaanza kuinywa tena hewa ile ile yaliyonyang'anywa na tanuri, polepole, yarudie kuwa jiwe. Ndiyo maana haikimbizwi. Na hata ikishaganda inabaki na vitundu ambavyo mvuke unapita. Ukuta wa zamani wa mawe hauna karatasi ya kuzuia unyevu chini ya msingi. Unakunywa maji kidogo toka ardhini na kuyatoa kupitia viungo na lipu, mchana na usiku. Ukiufunika saruji, maji hayakomi. Yanapanda juu kutafuta pa kutokea, na yakikuta kichwa cha boriti kimechomekwa ukutani, yanakaa hapo. Saruji pia ni ngumu kuliko mawe laini. Jengo likisogea kidogo, na kila jengo husogea, kinachopasuka ni jiwe.

Sasa chumba chako. Bandua saruji yote, pande zote mbili. Usioshe ukuta kwa maji, utairudisha chumvi ndani. Piga brashi kavu, zoa unga wote, utoe nje mbali na jengo, usiuache chini ya dirisha. Halafu nenda nje uangalie udongo umefika wapi. Nina uhakika umepanda juu ya usawa wa sakafu yako, maana samadi na matope ya miaka yote hujilundika ukutani. Chimba mtaro, shusha udongo chini ya sakafu, toa maji ya paa mbali.

Kisha subiri. Hesabu yetu sisi mafundi ni unene wa sentimita mbili na nusu kwa mwezi, hewa ikipita. Ukuta wa sentimita 60 unaokauka pande mbili, weka mwaka mzima. Baada ya hapo piga lipu dhaifu ya chokaa na mchanga kwa makusudi iharibike yenyewe. Itakula chumvi, utaibandua, utapiga nyingine. Labda mara mbili, labda tatu. Kuta nyingine hazitakasiki umri wako wote. Hizo usizilazimishe kulala na mtu.

Kitasa (mleta uzi)

Fundi, udongo nje ulikuwa juu ya sakafu kwa urefu wa kiganja na vidole vyake. Umejuaje?

Fundi Mwiko

Kila zizi.

Bisibisi

Mimi ni mhandisi wa majengo. Nakubaliana na Fundi, ila kabla ya ukuta kuna mambo yanayoweza kuua mtu, tuanze nayo.

Kwanza paa. Mabanda mengi ya shamba ya katikati ya karne iliyopita yameezekwa shiti za mawimbi za kijivu. Nyingi ni saruji yenye asbesto. Zikitulia hazina makeke, zikikatwa, zikitobolewa au zikipondwa zinatoa nyuzi usizoziona, na ugonjwa wake unaweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Uingereza ilipiga marufuku kabisa mwaka 1999, Umoja wa Ulaya wote mwaka 2005, lakini yaliyokwisha kuezekwa bado yapo juu ya vichwa. Usimpandishe kijana na nyundo kwa sababu ni siku ya kujitolea.

Pili ardhi. Palipofugwa ng'ombe pengine palikuwa na josho. Kwa miaka mingi dawa ya kupe ilikuwa ya aseniki, na aseniki haiozi. Ukikuta handaki la saruji refu jembamba lenye ngazi upande mmoja, usilifanye bustani ya mboga wala bwawa la watoto mpaka udongo upimwe. Kisima nacho kipimwe naitreti. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na visima vya karibu na mazizi huvuka hapo kirahisi. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga.

Tatu sakafu. Hapa ghala linawapendelea. Sakafu ya nyumba ya kawaida husanifiwa kwa mzigo wa kama kilo 150 kwa mita ya mraba, darasa kama mara mbili ya hapo, na ghala la magunia huzidi vyote. Kwa hiyo katikati ya boriti huwa pana nguvu ya ziada. Tatizo lipo kwenye ncha, pale boriti inapoingia ukutani. Chukua bisibisi, isukume kwenye mbao sentimita chache kutoka ukutani. Ikiingia kama kwenye keki, simama hapo hapo, shuka taratibu.

Sasa Kitasa, swali langu, na naliuliza kwa wasiwasi: hiyo milango ya nyuma mmeifanyaje? Kama mmeiziba kwa matofali mmejichimbia. Zizi refu lenye ukanda (korido) mmoja na mlango upande mmoja, moto ukianzia mlangoni walio mwisho wanatokea wapi?

Kitasa (mleta uzi)

Hatukuziba, mkuu. Kwanza tulitaka. Kuna mwenzetu alishaleta matofali. Mkaguzi wa zimamoto akatukatalia kwa maneno makali kuliko yako. Sasa milango inafunguka kwa kusukuma kutoka ndani tu, nje haina kishikio. Ukitoka nyuma huwezi kurudi nyuma. Wazee wawili walichukia sana, wanasema tumewafungia kama kuku. Binti mmoja anaweka kiatu chake mlangoni ili usijifunge. Kila Jumatatu nakikuta, nakirudisha, hatusemeshani.

Tulia

Kitasa, mimi nimecheka kwa uchungu, kwa sababu binti huyo ningekuwa mimi.

Niliishi miaka minne na watu ishirini na kitu katika nyumba iliyokuwa ya watawa. Jengo zuri mno. Madirisha marefu, ukumbi wa kulia chakula unaokufanya unyooshe mgongo. Ghorofani ukanda mmoja mrefu, vyumba vidogo kushoto na kulia, sakafu ya mbao. Hakuna aliyetuambia kwamba ukanda ule ulijengwa kwa watu walioahidi kunyamaza! Mtu akitembea saa tisa usiku kwenda msalani, milango kumi na nane inamsikia. Nilijua visigino vya kila mtu. Nilijua nani kagombana na nani kabla wenyewe hawajajua.

Tuliweka zulia, haikusaidia sana, kwa sababu sauti ilikuwa inapita chini, kati ya maboriti. Fundi mmoja mzee akatuonyesha kwamba jengo la jirani, la zamani zaidi, lilikuwa na majivu na mchanga vimejazwa kati ya boriti na boriti. Uzito huo ndio unaoua sauti. Kwetu mtu aliwahi kuutoa wote "ili kupunguza vumbi". Tukaurudisha ukanda mzima kwa ndoo, wiki mbili, tumekuwa weusi kama wachoma mkaa. Baada ya hapo nililala.

Lakini tayari nilikuwa nimechoka. Niliondoka. Sikuondoka kwa sababu ya watu wabaya, walikuwa wazuri. Niliondoka kwa sababu hapakuwa na sehemu ya katikati. Ama uko chumbani umefunga, ama uko mbele ya watu ishirini. Nyumba ya kawaida ina kibaraza, ina kizingiti, mahali unapokaa nusu ndani nusu nje, anayetaka akusalimie, asiyetaka apite. Hicho ndicho mnachokosa huko nyuma ya zizi. Wekeni benchi kwenye uwanja mbele ya kila mlango kabla ya kuendelea kugombania viatu.

Bisibisi

Angalizo moja kwa anayetaka kuiga ndoo za Tulia: majivu na mchanga ni mzigo. Pigeni hesabu ya boriti kwanza.

Jirani Mwema

Hilo la benchi nimelinakili. Ila hizi nyumba za pamoja zimedumu wapi? Au ni watu wanahamia, wanapiga picha, wanatawanyika?

Karani wa Ushirika

Zimedumu, ndugu. Old Hall kule East Bergholt, England, ilikuwa nyumba ya watawa wa kike tangu karne ya 19, wakati wa vita wakakaa askari, baadaye wakaja watawa wa kiume Wafransisko. Kikundi cha familia kilihamia mwaka 1974 na mpaka leo wapo, kama watu hamsini, wanalima na kufuga. Ukitazama vizuri utaona jengo lile halijawahi kukaliwa na familia moja kwa karibu miaka 120 kabla yao. Lilishazoea vyungu vikubwa.

Svanholm, Denmark, ni shamba kubwa la bwanyenye lililonunuliwa na kikundi mwaka 1978. Hao walikwenda mbali zaidi: mapato yanaingia kwenye mfuko mmoja. Mimi binafsi nisingeweza, lakini wao wameweza.

Torri Superiore, Liguria, Italia, ni kijiji cha enzi za kati kilichobaki karibu gofu. Si nyumba kadhaa, ni kitu kimoja chenye vyumba zaidi ya 160 vilivyopandana na kuunganishwa kwa ngazi na vichochoro vilivyofunikwa. Chama chao kiliundwa mwaka 1989 na ukarabati ukala miongo. Sehemu ni makazi ya watu, sehemu ya pamoja, sehemu ya kupokea wageni ili kuingiza fedha.

Sasa niseme linaloniuma, kwa sababu nimekaa kwenye vikao vya namna hii mpaka makalio yakafa ganzi. Wengi hawavunjwi na ukuta, wanavunjwa na siku mtu anapotaka kuondoka na hisa yake. Aliingiza fedha wakati jengo ni gofu. Leo lina paa, lina umeme, bei imepanda. Anadai thamani ya leo. Waliobaki hawana. Wanauza shamba ili wamlipe, na hapo ndoto inageuka dalali. Au kinyume chake: aliweka jasho la miaka mitano, mikataba haikutaja jasho, anaondoka na begi.

Ujerumani wapo Mietshäuser Syndikat, mtandao uliosajiliwa Freiburg mwaka 1992, sasa una miradi karibu 200. Ujanja wao ni huu: jengo linamilikiwa na kampuni yenye wanahisa wawili tu. Mmoja ni chama cha wakaaji, mwingine ni Syndikat yenyewe. Wakaaji wanaendesha kila kitu, kodi, ukarabati, nani aingie. Lakini katika jambo la kuuza jengo au kubadilisha katiba, Syndikat ina kura ya kukataa. Hakuna anayeweza kuamka asubuhi na kuuza. Na anayeondoka hauzi hisa, kwa sababu hakuwahi kuwa nayo. Alikuwa mpangaji wa nyumba aliyoiendesha mwenyewe. Kama alikopesha mradi, anarudishiwa mkopo wake kwa masharti yaliyoandikwa.

Kitasa, nyinyi mmeandikaje?

Kitasa (mleta uzi)

Ushirika. Kila kaya ilitoa amana, inarudishwa kama ilivyoingia ikiongezwa mfumuko wa bei, ndani ya miezi 24 baada ya kuondoka. Kupanda kwa thamani ya jengo ni kwa ushirika. Kaya moja imeshaondoka. Walilipwa mwezi wa 23, na hatukulala vizuri mwezi wa 20, wa 21 na wa 22.

Jasho tuliandika kwenye daftari kwa saa kwa miaka miwili, tukaacha. Mtu alikuwa anaandika saa mbili za "kufikiria mfereji".

Mwana wa Shambani

Nimesoma yote kwa utulivu, sasa nami niseme, msinichukie.

Mnaongea kuhusu jengo kama lilianguka kutoka mbinguni. Hilo zizi lilikuwa na watu. Kuna aliyekamua humo tangu utotoni, akafukuzwa siku shamba lilipokufa. Kuna familia kijijini wamebanana vyumba viwili, hawakuwa na amana ya kuweka. Mnakuja kaya nane mna akiba, mnanunua, bei za magofu mengine zinapanda, na baada ya miaka michache mtoto wa pale hawezi kununua hata kibanda. Halafu mnajiita jumuiya. Jumuiya na nani?

Karani wa Ushirika

Hoja ina uzito, ila na upande wa pili upo. Vijiji vingi vinakufa kwa kukosa watu, siyo kwa kujaa. Japani utafiti wa makazi wa mwaka 2023 ulikadiria nyumba tupu milioni 9, asilimia 13.8 ya nyumba zote. Lakabe, Navarra, Hispania, kilikuwa kijiji tupu kabisa vijana walipokikalia mwaka 1980. Na Riace, Calabria: mwaka 1998 mashua ya Wakurdi ilifika ufukweni, na miaka iliyofuata nyumba zilizoachwa na waliohamia mbali zikafunguliwa kwa wageni. Domenico Lucano, aliyekuja kuwa meya, ndiye aliyelisukuma jambo hilo, na lilimletea mashabiki na kesi mahakamani pia. Watu wasio na amana hata senti walikaa kwenye majengo ya zamani.

Mwana wa Shambani

Riace nakubali, kwa sababu hapo aliyefungua mlango ni kijiji chenyewe. Ndicho ninachosema. Nani ana ufunguo?

Kitasa (mleta uzi)

Mwana wa Shambani, sikuchukii, na sina jibu safi. Tulichofanya ni kidogo: karakana ipo wazi kwa kijiji siku mbili kwa wiki, na chumba kimojawapo hakina amana, ni kodi tu. Anakaa humo bwana aliyekuwa mkamuaji wa zizi hili hili. Hatukumchukua kwa huruma. Yeye ndiye aliyetuonyesha mfereji wa maji machafu ulikopita, baada ya sisi kumlipa mpimaji aliyechora mfereji mahali usipokuwa. Siku ya kwanza alipoingia chumba cha 11 alisimama mlangoni, akacheka, akasema, "Hapa ndipo walipokuwa wanasimama ng'ombe wenye mimba. Hapakauki."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hesabu Kali

Mimi nauliza la kipumbavu. Kwa nini msibomoe mkajenga upya? Mawe mngeyatumia kwenye msingi. Mwaka wa kukausha ukuta, mwaka wa kibali, asbesto, popo darini... nyumba mpya ingekuwa imekwisha zamani.

Bisibisi

Si la kipumbavu. Mara nyingine jibu ni ndiyo, bomoa. Jengo lililopoteza paa miaka ishirini, msingi umekaa pande, hilo ni rundo la mawe lenye historia.

Lakini sheria za nchi nyingi zinakuchezea hapa. Chukua England. Tangu 2014 jengo la kilimo linaweza kugeuzwa makazi bila mchakato kamili wa kibali, na mwaka 2024 kiwango kikapandishwa hadi nyumba 10 zisizozidi mita za mraba 1,000 kwa jumla. Sharti ni kwamba uwe unageuza kweli. Mwaka 2016 mahakama ikasema banda la nguzo lililo wazi karibu pande tatu, ukilijengea kuta umejenga upya, hujageuza. Kwa hiyo ukibomoa shambani unaweza kujikuta huna ruhusa ya kurudisha chochote. Upande mwingine kodi inakusukuma ubomoe: nyumba mpya kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 0, ukarabati wa nyumba iliyopo kwa kawaida 20, kugeuza jengo lisilo la makazi kazi nyingi hutozwa 5. Mkono mmoja unashika, mwingine unasukuma.

Halafu kuna kaboni. Mawe, boriti na matofali yaliyopo moto wake ulishachomwa. Ukibomoa unauchoma upya kwenye saruji na chuma. Nyumba mpya inayobana joto itailipa deni hilo, ila kwa miaka mingi.

Fundi Mwiko

Na mimi niongeze la fundi. Nyumba mpya utaichora wewe, na utachora unavyojijua leo. Jengo la zamani linakulazimisha. Wachina wa Fujian walijenga tulou, ngome za duara au za mraba za udongo wa kushindilia, ukoo mzima ndani, mlango mkuu mmoja. UNESCO iliorodhesha 46 mwaka 2008. Katika nyingi kila familia ina kipande chake kutoka chini mpaka juu: jiko chini, ghala katikati, vyumba juu. Siri zako ziko juu, moshi wako uko chini mbele ya wote. Ukitoka, lazima upite uwanjani. Hakuna aliyehitaji kutunga kanuni ya milango ya nyuma, kwa sababu mlango wa nyuma haupo.

Tulia

Na moto ukianzia kwenye huo mlango mmoja, Fundi?

Fundi Mwiko

Haya dada, umenishika.

Kitasa (mleta uzi)

Narudi baada ya miezi kumi na tatu, samahani kwa kimya. Kuna walioniuliza faraghani, najibu hapa kwa wote.

Saruji ya chumba cha 11 tuliibandua yote, siku tisa, watu watano. Mawe ya chini yalikuwa yanalia maji. Mtaro umechimbwa, udongo umeshuka chini ya sakafu. Tangu hapo mzee mkamuaji anapiga brashi kila asubuhi na kuweka unga kwenye kopo. Mwanzoni kopo lilijaa kwa wiki, sasa linamaliza mwezi na nusu. Lipu ya kwanza ya chokaa ilipigwa mwezi uliopita na tayari imetoa doa upande wa kaskazini, kama Fundi alivyosema. Hatulali humo. Tumeweka baiskeli, kuni na meza ya kupigia randa. Kaya iliyokuwa humo imehamia ghorofani ghalani, baada ya ncha nne za boriti kukatwa na kuunganishwa mbao mpya.

Mabenchi yapo manane. Mawili hayakaliwi kamwe, sijui kwa nini, labda yanatazama upande usiofaa. La mbele ya chumba cha 6 linakaliwa kila jioni, na jirani yangu sasa ananisimulia mambo mengi kuliko ninavyotaka. Jikoni tunakutana mara nne kwa wiki. Tulijaribu saba, watu wakaanza kula kwa siri.

Binti wa kiatu bado anaweka kiatu.

Hesabu Kali

Na popo?

Kitasa (mleta uzi)

Wapo. Tumeambiwa tusiwaguse mpaka watoto wao waruke, kwa hiyo dari ya ukumbi inasubiri.